Chembe za doksorubisini: shajara ya mradi, Nairobi

Februari 10

Tumeanza. Lengo naliandika mwanzo kabisa ili lisihamehame: kutengeneza chembe za nano, ndogo mno kiasi cha kupimwa kwa nanomita (sehemu ya milioni ya milimita), zinazobeba dawa ya saratani iitwayo doksorubisini, zenye folati (vitamini ya kundi B) kwa nje ili zinaswe na seli za saratani zilizo na vipokezi vingi vya folati, yaani protini za kuinasa, kisha kuzikausha ziwe unga unaostahimili kukaa nje ya friji. Sehemu ya kwanza ya lengo hilo imeshughulikiwa na maabara nyingi duniani kwa zaidi ya miaka 20. Sehemu ya pili, ya unga, ndiyo inayotugusa sisi wa huku, nami nitaishikilia hata siku ambazo kulenga seli kutaonekana ndiko kunakovutia zaidi kwenye makala.

Kwa nini doksorubisini? Kwa sababu ni dawa inayotumika kila siku hospitalini mwetu: saratani ya matiti, limfoma, saratani za watoto, sarkoma ya Kaposi. Inaua seli za saratani vizuri sana, lakini inaumiza moyo, na madhara hayo hujilimbikiza. Kila dozi huongezwa juu ya zilizotangulia, na mgonjwa akikaribia miligramu 450 hadi 550 kwa kila mita mraba ya mwili katika maisha yake yote, daktari hulazimika kusimamisha hata kama uvimbe ungali unaitikia dawa.

Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha Doxil, doksorubisini iliyofungwa ndani ya liposomu, yaani kiputo cha mafuta chenye upana wa nanomita 100 hivi, kilichovikwa polima (molekuli ndefu kama mnyororo) iitwayo PEG ili kinga ya mwili isikiwahi. Ilikuwa dawa ya kwanza ya nano kupata idhini huko, na ilianzia kwa wagonjwa wa UKIMWI wenye sarkoma ya Kaposi. Kiputo hicho ni kikubwa mno kupenya kuta za mishipa ya moyo wenye afya, kwa hiyo dawa haimwagiki humo kwa wingi. Ilipolinganishwa na doksorubisini ya kawaida kwa wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa, katika matokeo yaliyochapishwa 2004, muda wa kuishi ulikuwa karibu sawa, lakini madhara ya moyo yalikuwa machache zaidi kwa mbali. Wengi husimulia matokeo hayo kama kushindwa: mbona hawakuishi zaidi? Mimi naona ndiyo habari kubwa kuliko zote katika uwanja huu. Mtu aliyepona saratani akabaki na moyo unaomwezesha kupanda ngazi amepata kitu ambacho hakuna chati ya miezi ya kuishi inayokionyesha.

Tatizo ni kwamba dawa hiyo lazima ikae kati ya nyuzi 2 na 8, na haitakiwi kuganda. Kutoka bohari la Nairobi hadi Lodwar, ambako joto la mchana hufika nyuzi 35 kama jambo la kawaida, huo ni mnyororo mrefu wa barafu, na kila mkono unaoushika lazima uwe mwangalifu. Bei nayo ni habari nyingine.

Februari 21

Polima imefika. Ni PLGA, ambayo daktari yeyote wa upasuaji ameishika bila kuitaja kwa jina hilo: nyuzi za kushonea vidonda zinazoyeyuka zenyewe mwilini zimetengenezwa kwa jamaa yake wa karibu. Mwilini huvunjwavunjwa na maji ikawa asidi ya laktiki na asidi ya glikoliki, vitu ambavyo mwili unajua kuvitoa. Ndiyo sababu tumeichagua badala ya dhahabu au silika, ambazo hutokea vizuri kwenye picha lakini huacha swali la zitakwenda wapi baadaye.

Mzigo ulikaa ghalani muda mrefu kuliko ilivyotakiwa na barafu kavu ilikuwa imeisha. Tumetenga chupa moja tuipime kabla ya kuamini zilizobaki. Tumewekeana pia kanuni: chupa ikitoka friza, haifunguliwi mpaka ilingane na joto la chumba. Ukiifungua baridi, unyevu wa hewa unatulia juu ya unga, na PLGA ikishapata maji huanza kuvunjika hapo hapo, kabla hata ya kuona mgonjwa. Msimu wa masika unakuja, kwa hiyo kanuni hii imebandikwa kwenye mlango wa friza kwa herufi kubwa.

Machi 4

Leo sikuingia maabara. Nilipewa ruhusa kukaa asubuhi nzima kliniki ya kemo katika hospitali moja ya rufaa hapa jijini, kwa sababu sitaki kubuni dawa ambayo sijawahi kuona ikitiwa mshipani.

Doksorubisini ni nyekundu ya kung'aa. Muuguzi aliishika sirinji na kuisukuma polepole huku dripu ya maji ya chumvi ikitiririka pembeni, na kila baada ya muda alivuta pistoni ya sirinji nyuma kidogo kuona kama damu inarudi. Damu ikirudi, sindano bado imo mshipani. Isiporudi, anasimama papo hapo, maana dawa hii ikimwagika chini ya ngozi huunguza nyama mpaka kidonda kikahitaji upasuaji. Macho yake hayakuondoka mkononi mwa mgonjwa hata alipozungumza.

"Mama, kesho ukienda choo utaona mkojo mwekundu. Si damu. Ni hii dawa inatoka. Usishtuke."

"Na moyo, sista? Niliambiwa inashika moyo."

"Ndiyo maana tulikupiga ile picha ya moyo kwanza. Tutakupiga tena."

Mama akanyamaza, kisha akauliza kwani hakuna nyingine isiyopitia kwa moyo. Muuguzi akanielekeza kidevu: "Muulize mwanangu huyu, ndiyo kazi yake." Nikamwambia ukweli, kwamba ipo iliyofungwa ndani ya mafuta, kwamba ni ghali zaidi na inataka friji, na kwamba sisi tunatafuta njia ya kuifanya iwe unga. Akaniuliza itachukua miaka mingapi. Nikasema mingi. Akaitikia kwa kichwa, bila hasira, akarudi kuangalia mkono wake.

Makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani kwa Kenya mwaka 2022 yalikuwa wagonjwa wapya zaidi ya 44,000 na vifo zaidi ya 29,000. Saratani ya matiti inaongoza kwa wagonjwa wapya. Ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa zinazoua zaidi. Nambari hizo nimezitumia katika kila ombi la fedha nililowahi kuandika. Leo nilikaa kiti kimoja kutoka kwa mmoja wao.

Machi 19

Chembe za kwanza. Hatua ni fupi kuzisimulia, lakini kila moja ina mtego wake.

Doksorubisini ya dukani huja kama chumvi ya hidrokloridi, inayopenda maji. Ukiitia hivyo hivyo kwenye PLGA, itakimbilia majini na chembe zitabaki tupu. Kwa hiyo kwanza tunaiondolea ile asidi kwa trietilamini mpaka igeuke dawa inayopenda mafuta. Kisha dawa na polima vinayeyushwa pamoja katika asetoni yenye tone la kiyeyushi kingine, DMSO, na mchanganyiko huo unadondoshwa kwa sirinji ndani ya maji yanayozungushwa na sumaku. Chupa zote zimezungushiwa foili ya jikoni kwa sababu mwanga huharibu dawa hii.

Unapofunua foili kidogo na kuchungulia, tone linapogusa maji huonekana likitawanyika kabla hujamaliza kulitazama. Asetoni inakimbilia majini, polima inaachwa peke yake mahali isipopapenda, na inajikunja papo hapo ikiifungia dawa ndani. Maji yanakuwa na ukungu mwekundu, na ukiangaza tochi ubavuni unaona njia ya mwanga imekatiza bika. Mwanga huo ndio ushahidi wa kwanza kwamba chembe zimo. Dawa iliyoyeyuka tu haionyeshi njia ya mwanga namna hiyo.

Asetoni tunaiacha iondoke yenyewe usiku kucha. Nairobi iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji yetu yanachemka karibu nyuzi 94, na asetoni nayo ina haraka kuliko zinavyosema kanuni zilizoandikwa na watu wa pwani za Ulaya. Tunafunika bika nusu ili isiondoke kwa pupa.

Mashine ya kupima ukubwa hutumia leza: chembe ndogo hutikisika upesi zaidi majini kuliko kubwa, na mtikisiko wa mwanga hugeuzwa kuwa nanomita. Zetu zimekaa karibu na 150, zinafanana, na zina chaji hasi inayozifanya zisukumane badala ya kugandana. Hapo ndipo tunapotaka. Chini ya nanomita 5 au 6 figo huzichuja zikatoka na mkojo. Zikizidi 200, ini na wengu huzinasa kwa wingi. Kwa kulinganisha, seli nyekundu moja ya damu ina upana wa nanomita 7,000 na zaidi.

Aprili 2

Kutoa dawa: chembe katika mfuko wa dayalisisi, unaopitisha dawa lakini si chembe, nyuzi 37, pH (kipimo cha asidi) 7.4 kama ya damu upande mmoja na 5.5, yenye asidi zaidi, upande mwingine. Upande wa asidi dawa inatoka upesi zaidi, kama ilivyotarajiwa, na hilo ni jambo jema kwa sababu chembe ikimezwa na seli hufikia vifuko vya ndani vyenye asidi ya kiwango hicho. Sehemu fulani ya dawa hutoka mapema mno katika saa za mwanzo. Hiyo ni ile iliyokaa juu juu. Kuiosha zaidi kunasaidia.

Aprili 16

Seli sasa. Naitrojeni kimiminika ya kuzihifadhia tunaitoa Kabete, kwenye kituo cha taifa cha mbegu za ng'ombe, mtungi ule ule anaojaza mpandishaji wa mifugo. Nimekuwa nikisimama kwenye foleni na watu wenye habari nzuri za Friesian na Ayrshire, na nimejifunza kwao namna ya kufunga mtungi kwenye gari usiyumbe.

Tunatumia aina mbili. HeLa ina vipokezi vingi vya folati. A549, ya saratani ya mapafu, ina vichache. Chembe yenye folati ikiwa kweli inalenga, itaingia HeLa kuliko isiyo na folati, na katika A549 tofauti hiyo isionekane.

HeLa siwezi kuziita seli tu nikapita. Zilitoka kwa Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi aliyekufa kwa saratani ya mlango wa kizazi huko Baltimore mwaka 1951, na zilichukuliwa bila yeye kuombwa ruhusa. Saratani ile ile inaua wanawake hapa, na wengi wa rika lake. Mwanafunzi anayeanza kuziotesha katika maabara yetu huelezwa jina lake kabla ya kupewa pipeti.

Jambo la kiufundi ambalo kila anayefanya kazi ya folati hana budi kulizingatia: chakula cha kawaida cha seli, RPMI 1640, kina miligramu 1 ya asidi ya foliki kwa lita. Hicho ni kiasi kikubwa mno kuliko kilichomo katika damu ya mtu. Vipokezi vyote vinashibishwa na folati hiyo na chembe zetu zinakuta milango imejaa. Tuliendesha jaribio mara mbili kwa makusudi, moja kwa RPMI ya kawaida na moja kwa isiyo na folati. Katika ile ya kawaida, chembe zenye folati na zisizo nayo zilikwenda sare. Katika isiyo na folati, zenye folati ziliingia HeLa kwa wingi unaoonekana wazi, na A549 haikujali. Kisha tukatia asidi ya foliki huru juu yake, na tofauti ikafutika. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nitabasamu, kwa kuwa linathibitisha kwamba mlango ulioingiwa ni ule tulioukusudia.

Na raha ya doksorubisini ni kwamba inang'aa yenyewe chini ya darubini, huhitaji rangi nyingine. Dawa huru hukimbilia kwenye kiini cha seli, unaona viini vyekundu vimejaa. Iliyobebwa na chembe huonekana kwanza kama vitone vidogo vimezunguka kiini, vimefungiwa. Kisha saa zinavyosonga wekundu unaanza kuhamia ndani. Nilikaa kwenye darubini mpaka mlinzi akaja kuuliza kama kuna mtu.

Mei 7

Sasa ugumu wa kweli. Mpaka hapa chembe zetu zimeishi katika maji safi na chakula cha seli. Mgonjwa hana maji safi mshipani, ana damu.

Tuliziweka katika seramu kwa saa moja, tukaziosha, tukazipima. Zimenenepa. Protini za damu zimezishika pande zote, albumini na nyinginezo, na kutengeneza koti. Tulipozipeleka kwa HeLa katika hali ile ile isiyo na folati, faida ya kulenga ilipungua sana. Folati ipo, lakini imefukiwa. Ni matatu iliyopita kwenye tope la masika: namba ya njia imepakwa pale pale mbele, ila haisomeki tena, na abiria aliyeko kituoni anaiacha ipite. Watafiti wa Dublin walionyesha jambo hilo hilo mwaka 2013 kwa chembe zilizolengeshwa kwa transferini, protini inayobeba madini ya chuma kwenye damu, kwa hiyo hatukushangaa. Tulitaka kujua letu ni kubwa kiasi gani.

Nimeandika kwenye ubao wa maabara takwimu ambazo naamini kila mradi wa aina hii ungepaswa kuzibandika. Mwaka 2016 maabara ya Warren Chan, Chuo Kikuu cha Toronto, ilikusanya tafiti za wanyama za miaka 10 na kuuliza swali moja: katika dawa yote iliyodungwa, ni kiasi gani kilifika kwenye uvimbe? Jibu la kati lilikuwa asilimia 0.7. Chembe zisizo na cha kulengea zilipata 0.6, zenye cha kulengea 0.9. Ndiyo, kulenga kunasaidia. Lakini zaidi ya asilimia 99 bado inakwenda kwingine, na sehemu kubwa ya hiyo huishia kwenye ini na wengu.

Kwa miongo tuliambiwa kwamba mishipa ya uvimbe ina matundu, na kwamba chembe huvuja kupitia hapo kisha zinakwama. Wazo hilo lilitoka Japani mwaka 1986, kwa Matsumura na Maeda, na limejenga taaluma nzima. Mwaka 2020 maabara ile ile ya Toronto ilionyesha kwa panya kwamba hadi asilimia 97 ya chembe ziliingia kwenye uvimbe kwa kubebwa na seli za ukuta wa mshipa zenyewe, si kwa kupenya matundu. Wenzangu wawili wameona habari hiyo inakatisha tamaa. Mimi naona inafungua mlango: kitu kinachobebwa na seli kinaweza kushawishi seli. Tundu halishawishiki.

Na kuna wa kutuonya. MM-302 ilikuwa doksorubisini ndani ya liposomu yenye kingamwili dhidi ya HER2, kipokezi kilicho kwa wingi kwenye baadhi ya saratani za matiti, wazo linalokaribiana sana na letu. Jaribio lake kwa wagonjwa lilisimamishwa 2016 ilipobainika kwamba halitaizidi tiba iliyopo. Kwa upande mwingine, kulenga folati si ndoto: tangu 2022 Marekani ina dawa iliyoidhinishwa ya saratani ya ovari, kingamwili iliyobeba sumu, inayoshika kipokezi hicho hicho.

Mei 28

Tumebadilisha urefu. PEG inayofunika chembe ni fupi, uzito wa molekuli 2,000. Ile iliyobeba folati tumeipa 5,000, ili folati ichomoze juu ya wenzake. Baada ya seramu, faida ya kulenga imerudi kwa sehemu. Si yote. Tumepunguza pia wingi wa folati, kwa sababu ikijaa mno huita protini zaidi. Profesa anataka tuendelee kutafuta uwiano bora zaidi mpaka mwisho wa mwaka. Nimemwomba, kwa heshima zote, kwamba uwiano huu unatosha kwa sasa na muda uliobaki uende kwenye unga. Amesema, "Haya, lakini nionyeshe kwanza kwamba unaweza kukausha bila kuharibu." Ni haki yake.

Juni 17

Kukausha kwa kugandisha: chembe zinagandishwa kwa nyuzi 80 chini ya sifuri, kisha barafu inanyonywa na pampu ya ombwe ikigeuka mvuke bila kupitia maji. Maelezo ni mistari miwili. Kazi yenyewe imekula mwezi.

Bila sukari, chembe zinashikana. Barafu inapokua inazisukuma kwenye pembe na kuzibana, na ukirudishia maji unapata makombo yanayozama. Ukiongeza sukari, inazizunguka na kugeuka kitu kigumu kama... hapana, niseme tu kwamba inaganda bila kufanya fuwele, na kila chembe inabaki na nafasi yake. Tulijaribu sukrosi na trehalosi. Zote mbili ziliokoa ukubwa: baada ya kurudisha maji na kuzungusha kwa mkono, chembe zilirudi karibu na nanomita zile zile. Hilo la kuzungusha kwa mkono nalisisitiza. Muuguzi wa kaunti hana mashine ya mawimbi ya sauti pembeni ya dripu.

Stima ilipotea alfajiri katikati ya mzunguko mmoja. Jenereta ya jengo ilichelewa, ombwe likavunjika, barafu ikayeyuka, na trei nzima ikawa utando wa waridi uliojikunja chini ya chupa. Polima ya miezi ilikuwa humo. Betri tuliyo nayo haiwezi kuvuta pampu.

Fundi aliyekuja kuikagua pampu, mzee mtaratibu kutoka Kariobangi, aliifungua akanionyesha mafuta yake. Yalikuwa meupe.

"Hii imekunywa maji, daktari. Mafuta meupe hivi hayavuti. Ukimaliza kukausha usiizime hapo hapo, fungua hii valvu ndogo uiache itembee saa moja, itatapika maji. Halafu mafuta ubadilishe, usingoje iharibike."

"Kila mara, fundi?"

"Wewe unakausha maji kila mara, si ndiyo?"

Tangu siku hiyo pampu inafika chini kuliko ilivyowahi kufika nikiwa hapa. Valvu ile imo kwenye mwongozo wa mashine, ukurasa ambao sidhani kuna yeyote katika jengo letu aliyewahi kuusoma. Nimeiingiza kwenye utaratibu wetu rasmi, na malipo ya fundi nimeyaombea kutoka kasma ya mradi, si kasma ya dharura, kwa sababu ujuzi wake ni sehemu ya dawa hii.

Julai 15

Chupa zilizofungwa zimeingia kwenye oveni ya nyuzi 40. Kabati maalumu la kudhibiti unyevu hatuna, lakini fizikia haina ubaguzi: sahani ya maji yaliyojaa chumvi ya kawaida ya jikoni, mpaka nyingine ibaki chini bila kuyeyuka, ndani ya chombo kilichofungwa, hushikilia unyevu wa hewa karibu asilimia 75. Ndicho kiwango kinachotumika duniani kwa majaribio ya kuharakisha uchakavu wa dawa. Chumvi tulinunua dukani chini ya jengo.

Wiki za mwanzo zinaonyesha hivi. Unga wenye sukrosi umeanza kunywea, umejitenga na kuta za chupa, na ukirudishiwa maji chembe zimeongezeka ukubwa. Wenye trehalosi umesimama. Hilo lina maana kikemia, kwa sababu trehalosi kavu hulainika kwenye joto la juu zaidi kuliko sukrosi, na haivunjwi upesi na asidi inayotoka kwenye PLGA. Lina maana pia kifedha, kwani trehalosi ni ghali. Nitabeba gharama hiyo kwenye bajeti bila kusitasita. Sukari inayonywea Lodwar haina faida kwa bei yoyote.

Dawa yenyewe ndani ya unga nayo inapimwa kila wiki kwa kromatografia, mbinu ya kutenganisha kemikali na kuzipima, maana chembe zinaweza kubaki na sura nzuri huku doksorubisini ikiwa imeharibika. Mpaka sasa iko vizuri kuliko iliyoachwa majini, ambayo imeshuka vibaya.

Agosti 6

Tumeleta seli za moyo wa panya, H9c2. Nilitaka jaribio hili tangu Februari na lilikuwa likisukumwa mbele kila mara, kwani halina mvuto wa picha za HeLa. Kwa kipimo kile kile cha dawa, doksorubisini huru iliua sehemu kubwa ya seli hizo katika siku mbili. Iliyomo kwenye chembe, ikitoka kwenye unga uliokaa kwenye oveni na kurudishiwa maji, iliua chache zaidi. Katika kisahani chenye visima 96 huhitaji mashine kuona: seli hai hugeuza rangi ya njano kuwa zambarau, na safu ya chembe ilikuwa ya zambarau iliyokolea huku ya dawa huru ikiwa imefifia.

Naelewa mipaka ya kisahani. Seli zilizolala juu ya plastiki hazina ukuta wa mshipa, na huo ukuta ndio unaookoa moyo kwa dawa za nano. Sehemu ya tofauti tuliyoiona inatokana tu na dawa kutoka polepole. Jibu litatoka kwa mnyama mzima.

Agosti 20

Ombi la kibali cha panya limepelekwa kwa kamati ya maadili, pamoja na nyaraka za NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti. Nimeandika swali la kwanza la jaribio hilo kuwa hili: katika saa 24 baada ya kudungwa, ni dawa kiasi gani iko moyoni, kwa kulinganisha na doksorubisini huru? Uvimbe ni swali la pili. Mjumbe mmoja wa kundi letu alitaka mpangilio uwe kinyume, akisema wafadhili hutazama uvimbe. Tumejadiliana kwa muda, na Profesa ameuacha mpangilio wangu usimame kwa sharti kwamba viungo vyote vipimwe: ini, wengu, figo, mapafu, na uvimbe. Nimekubali, ningevipima hata bila sharti.

Yanayosubiri mpaka hapo: kuchuja chembe ziwe tasa. Chujio la mikromita 0.22 linapitisha nanomita 150 kwa shida na linaziba. Pengine itabidi kila kitu kitengenezwe kwenye mazingira tasa tangu mwanzo. Betri kubwa ya pampu imeidhinishwa, inakuja mwezi ujao. Chupa za oveni zinabaki humo hadi zitimize miezi 6, yaani katikati ya Januari, na kila wiki chupa moja ya trehalosi inatolewa, inatiwa maji, inazungushwa kwa mkono, inapimwa.